Mwamba Uliofungwa kwa Siku Mia

Nukutabua, visiwa vya Lau
12 Mei 1994

Dada yangu Vika,

Kuna jambo nimelifanya na sijamwambia mtu yeyote, hata Shangazi Lata, aliyetoka kwetu Tonga akaolewa huku, ambaye nakaa kwake. Nimempiga picha mtu akivunja mwiko. Nilimwona, nilijua anachofanya, na bado nikabonyeza.

Unakumbuka chifu wa kijiji hiki alizikwa mwezi Machi. Tangu siku hiyo mwamba wa baharini ulio mbele ya kijiji umefungwa kwa siku mia. Wamesimika mti mwanzoni mwake na kufunga kitambaa, na ukishaupita mti ule hakuna kuvua, hakuna kuokota hata kome mmoja. Siku ya mia watautandaza wavu, na samaki watakaotoka ndio wa karamu ya kuondoa matanga. Kwa sasa watu wanavua upande wa pili wa rasi, ambako ni mbali na pana mkondo mkali unaokata mwamba katikati. Hakuna anayelalamika. Wanasema asiyeheshimu mwamba wa marehemu, papa atamjua kwa jina.

Leo ni siku ya hamsini na tatu. Mchana wanawake wote walikuwa ukumbini wakisuka mikeka ya matanga, na mimi nilifukuzwa. Mmoja alisema, "Mtonga, wewe unasuka kama mtu anayefunga kuni. Nenda kacheze na kikamera chako." Walicheka, nikacheka nao, nikatoka masikio yakiniwaka.

Nikaenda ufukweni kupiga yale aliyoyataka Bwana Prasad, mwajiri wako wa duka la picha. Nimepiga sufuria zikisuguliwa kwa mchanga. Nimepiga mbwa aliyelala chini ya mtumbwi uliopinduliwa, na mzee anayekojolea mnazi (huyo usimpe mtu). Kisha nikamwona Bibi Setaita. Ni mama yake Apenisa, wa nyumba iliyo nyuma ya kanisa, na ndiye anayewaanzishia wanawake nyimbo Jumapili. Alikuwa ameupita ule mti, maji magotini, ameinama, kapu begani, mkono wa kushoto ameukunja mgongoni kama anavyotembea siku zote. Akainuka akanitazama usoni. Hatukuwa mbali, ni kama kutoka mlangoni kwetu mpaka kisimani. Nilidhani atanikemea au atanisihi. Hakufanya lolote. Uso haukubadilika hata kidogo, na jua lilikuwa limemwangukia vizuri sana, Vika. Nikakumbuka maneno ya Bwana Prasad: "Niletee watu wasiojali kama wanatazamwa, nami nitakupa kazi." Nikabonyeza.

Hapo hapo watoto wakaanza kupiga kelele, "Tupige sisi! Tupige sisi!" Walikuwa na mpira wa ndani wa tairi la lori. Nikawapiga haraka haraka mara tatu, kisha nikakimbilia nyumbani.

Filamu ni hii, nimempa mhudumu wa meli pamoja na barua. Picha ya kumi na tisa iharibu kabla hujaitazama mara mbili. Na usimwambie mtu.

Mdogo wako,
Silia


Suva
25 Mei 1994

Silia wangu,

Barua yako nimeisomea chooni dukani ili Bwana Prasad asinione ninavyotoa macho. Ewe mtoto! Mtu asiyeweza kumwomba kondakta chenji yake ndiye huyu anayewinda wavunja miiko?

Tulia. Nimeingia chumba cha giza peke yangu, nikaitafuta ya kumi na tisa, nikaikata kwenye ukanda, nikaichoma kwa kiberiti. Imenuka kama nywele zinazoungua. Sijaisafisha hata kwenye karatasi. Kwa hiyo bibi yako hayupo tena, wala wewe hukuona kitu. Mambo yamekwisha.

Sasa sikiliza habari njema. Zile nyingine Bwana Prasad amezitazama moja moja, halafu akavua miwani. Akivua miwani ujue amependa. Ile ya watoto na tairi ameishika dakika nzima, akasema, "Huyu msichana haongei, lakini anaona." Ukirudi Agosti kazi ni yako. Utalala na mimi, tutagawana kitanda, na ukikoroma nakutoa nje.

Jambo la pili. Shangazi ameniandikia kwamba matanga yanaondolewa tarehe 28 Juni, na upande wetu wa Tonga lazima tulete kitu mbele ya watu. Ana haki, amekaa ukweni miaka ishirini. Lakini mimi hapa sina mkeka, sina nguo ya magome, nina chumba kimoja na jiko la mafuta ya taa. Usihangaike. Nimepata wazo, na aibu haitatupata.

Dada yako,
Vika


Nukutabua
10 Juni 1994

Dada Vika,

Asante kwa kuichoma. Nilidhani nitalala vizuri baada ya kusoma barua yako, na nililala siku mbili tu.

Tangu siku ile nilikuwa namkwepa Bibi Setaita. Akija njia hii, mimi nakata njia ile. Nilijua ananijua. Juzi alikuja kwa Shangazi, na Shangazi alikuwa shambani kuchimba magimbi. Nilikuwa peke yangu jikoni, pa kukimbilia hapakuwapo. Akaketi mkekani. Nikamwekea kikombe cha chai mbele yake, akanyoosha mkono, mkono ukapita pembeni ya kikombe. Akapapasa mpaka akakipata.

Akasema, "Wewe si Lata. Wewe ni yule mtoto wa sabuni ya maua."

Nikamwambia ndiyo, ni Silia.

"Umeona mkono wangu ulivyokwenda?"

Sikujibu. Unanijua.

"Anayenyamaza ameona," akasema. Kisha akacheka kidogo. Vika, yule bibi haoni. Anasema macho yake yamebaki kama ya mtu anayetazama kupitia mkeka, mwanga unaingia lakini sura za watu haziingii. Ni mwaka wa pili sasa. Nyumbani kwake hawajui, kwa sababu kila kitu anakijua kwa hatua: ishirini na mbili mpaka kanisani, kumi na nne mpaka jikoni. Na mwamba wa mbele ameutembea tangu utotoni, miguu yake inaujua kila shimo. Ule wa upande wa pili haujui. Sasa ule wa mbele ukafungwa. Angekaa siku mia nyumbani bila kuleta kitu, mkwe wake angeuliza una nini. Kwa hiyo anakwenda wanawake wakiwa ukumbini, anaokota kome wachache, anasema ametoka upande wa pili.

Kumbe siku ile alinigeuzia uso kwa sababu alisikia mchanga. Hakuniona. Hajui mpaka leo kwamba nilikuwa pale.

Nikamuuliza kwa nini asimwambie Apenisa. Akasema, "Apenisa ananipenda sana. Kesho yake ananipandisha meli, ananipeleka Suva kwa dada yake, nikakae kwenye kibanda cha bati nisikilize magari mpaka nife. Bora nife nikisikia maji ninayoyajua." Akanishika mkono, akaniapisha kwamba sitasema. Nimeapa. Nakwambia wewe kwa sababu wewe uko mbali, na kwa sababu siri mbili ni nzito kwangu.

Siku zimebaki kumi na nane. Naomba Mungu zipite upesi mwamba ufunguliwe.

Mdogo wako,
Silia


Suva
20 Juni 1994

Kwa Shangazi yetu mheshimiwa, Lata,

Nakuamkia kwa heshima zote, pamoja na mume wako na nyumba yote. Meli inaondoka leo nami naandika nimesimama bandarini.

Kifurushi hiki kilichofungwa kwa blanketi ni mchango wa upande wetu kwa matanga. Ndani mna picha aliyoipiga Silia huko huko kwenu. Nimeipanua mwenyewe, ukubwa wake ni kama meza ya chai, na mwajiri wangu ametoa fremu ya mbao na kioo bila malipo. Ni watoto wa kijiji wakicheza na tairi ufukweni. Niliona kwamba mikeka mtapewa mingi, lakini hakuna atakayeleta kitu ambacho watu watajiona ndani yake. Naomba iwekwe juu ya mikeka yenu siku ya mia, ikatundikwe ukumbini.

Silia hajui. Nataka ashangae. Yeye ni mtoto wa kujificha nyuma ya mlango, na mimi nataka kijiji kizima kimpigie makofi mara moja maishani.

Binti yako,
Vika


Nukutabua
2 Julai 1994

Mwanangu Vika,

Zawadi yako ilifika salama, na kioo hakikupasuka. Nakushukuru kwa kuukumbuka upande wako. Nakuandikia mimi kwa sababu Silia hajashika kalamu tangu Jumanne.

Asubuhi ya siku ya mia wanaume waliutandaza wavu. Mwamba uliopumzika siku mia huwa unajaza mitumbwi. Huu ulitoa samaki wa vikapu vinne. Wanaume wakarudi pwani bila kuimba. Kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake mikononi. Karamu ya chifu, mwanangu, tumeila kwa samaki wa makopo.

Zawadi zikaletwa mbele. Zamu yetu ilipofika tukaweka mikeka yangu, na juu yake picha yako. Watu walifurahi kwa mara ya kwanza siku ile. Kina mama wakasukumana. "Tazama tumbo la wangu!" "Huyu ndiye anayesema chakula hakitoshi?" Hata wazee waliozunguka bakuli la kava wakinywa walicheka. Kisha mdogo wake marehemu, Mzee Josaia, akaomba apewe miwani yake. Akaikodolea picha. Akamwita Apenisa, akamwambia polepole, "Hebu niambie. Huyu aliye nyuma ya mwanao, kule ng'ambo ya mti wetu, ni nani?"

Ni mdogo kama kidole, na sura haionekani. Lakini hapa tunajuana kwa migongo. Ule mkono uliokunjwa mgongoni hakuna mwingine mwenye nao.

Apenisa alitazama mpaka nikataka kumwondolea ile picha mikononi. Akasema, "Ni mama yangu."

Wakamuuliza Silia kama alimwona alipokuwa akipiga. Akasema, "Sikuona." Wakamwamini, nani asiyemwamini Silia? Mzee Josaia akasema bahari imeazima macho ya mgeni ili itutolee mwizi wake, na wakampa Silia mkeka wa heshima, mzuri kuliko wangu. Amelia sana. Nimemwambia si kosa lake.

Setaita hakujitetea. Walipomgeukia alisema tu, "Ni mimi." Wakamuuliza sababu, akanyamaza. Ukoo wake ukaja kwa magoti na jino la nyangumi, wakaomba msamaha, na jino likapokelewa. Kwa desturi likishapokelewa hakuna tena wa kulitaja jambo lile. Hawalitaji. Ila kanisani kwenye ibada ya jana hakuna aliyeketi kwenye ubao wake, na wimbo ameanzisha mtu mwingine.

Usijilaumu. Picha ilikuwa nzuri. Imetundikwa, lakini wameigeuzia ukutani.

Shangazi yako,
Lata


Suva
12 Julai 1994

Silia,

Nimesoma barua ya Shangazi mara nne. Nilikichoma kile ulichoniambia nichome. Sikujua kwamba bibi yuko pia kwenye ile ya watoto. Nilipokuwa naipanua niliona doa jeusi nyuma, nikadhani ni jiwe. Nikasema moyoni, hili jiwe linapendeza. Nikazidisha mwanga mahali pale ili lionekane. Mimi, kwa mkono wangu.

Barua yako ya macho yake niliipata siku tatu baada ya meli kuondoka na kifurushi.

Waambie, Silia. Waambie leo kwamba haoni. Mwizi ni mwizi, lakini kipofu aliyekwenda mahali miguu inapojua, nani atamtenga? Mwambie Apenisa peke yake kama unaona haya. Kiapo ulichoapa kilikuwa cha kumlinda, na sasa hakimlindi tena. Kama huwezi, nijibu, nimwandikie Shangazi mimi mwenyewe kwa meli inayofuata.

Bwana Prasad ananiuliza kila siku utakuja lini. Namwambia Agosti. Sijui nimwambie nini kingine.

Vika


Nukutabua
30 Julai 1994

Dada yangu Vika,

Barua yako ilifika Jumatano. Bibi Setaita tulimzika Jumatatu.

Nitakuandikia kama ilivyokuwa, nisiruke.

Baada ya matanga nilikwenda kwake. Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya mihogo peke yake. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyepiga, kwamba nilimwona, na kwamba nilidanganya mbele ya watu. Nilidhani atanifukuza. Akaendelea kumenya. Akasema, "Nilisikia mchanga siku ile. Nikasema ni kaa." Kisha akasema, "Vizuri umesema huoni. Sasa tuko wawili."

Nikamwomba aniruhusu niwaambie habari ya macho. Hapo ndipo alipokasirika. Akaweka kisu chini. "Sikiliza, mtoto. Mwizi husamehewa mara moja, na mimi nimeshasamehewa, jino limepokelewa. Kipofu huhurumiwa kila siku mpaka afe. Hawa watachoka kuninunia. Kunihurumia hawatachoka." Akaniapisha upya.

Mwamba wa mbele sasa uko wazi, karibu watu wote wanavua pale. Yeye alikatazwa. Hakukatazwa na wazee, alikatazwa na mwanawe. Apenisa alimwambia mbele ya mkewe, "Mama, usikanyage tena pale, nitakufa kwa aibu. Kama unataka kuvua, nenda upande wa pili, pamoja na wale wanawake watano ambao bado wanavua kule, wakuone." Hilo ndilo neno pekee alilomwambia kwa wiki tatu. Na Bibi akasema atakwenda.

Akaniomba mimi. "Tembea mbele yangu. Upige maji kwa miguu, nisikie unapokwenda. Huna haja ya kusema kitu." Nilifanya hivyo mara mbili. Nilijua mkondo ulipo, nikawa nazunguka mbali, naye anafuata sauti ya miguu yangu, mkono mgongoni. Hakuna aliyegundua. Alijaza nusu kapu siku ya pili, na tukirudi alikuwa anaimba kwa pua.

Lakini wale wanawake walianza. "Tazameni, mwizi ameota mkia!" "Mtonga, ni wewe unamchunga asituibie na huku, au ni yeye anakufundisha kazi?" "Mpige na picha basi, umtundike na huku!" Walikuwa wanatania tu, na mwingine angewajibu, wakacheka wote yakaisha. Wewe ungewajibu. Mimi nilitembea nikitazama maji, na usiku mzima nikayasikia yale maneno.

Jumamosi ilikuwa mara ya tatu. Nilimwambia Shangazi kichwa kinaniuma. Hakikuuma, Vika. Hakikuuma hata kidogo. Nilijilaza juu ya ule mkeka walionipa, nikajifunika. Bibi Setaita akaja mpaka mlangoni na kapu lake. Akaita, "Silia?" Nikavuta pumzi kama mtu aliyelala. Alisimama. Nilikuwa naona miguu yake chini ya pazia, imejaa makovu ya mwamba. Akaita tena, taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha mtu. Kisha akasema, "Haya, lala mjukuu wangu," akaenda.

Niliisikia miguu yake mpaka ilipofika mchangani. Nilikuwa na muda wa kuamka.

Wanawake wanasema walikuwa mbele yake, wamempa mgongo, wanacheka jambo lingine kabisa. Walipogeuka waliona kapu linaelea juu ya mkondo. Walimleta adhuhuri. Mahali pale maji hayafiki kifuani, lakini yanakwenda kwa kasi, na asiyeujua ukingo huanguka kwa ndani.

Kijiji kizima kinasema bahari imejilipa. Hawasemi kwa ubaya. Wanasema polepole na kutikisa vichwa, na kwenye maziko waliimba vizuri. Mzee Josaia alinishika bega, akaniambia nisiogope, mimi nilikuwa chombo tu.

Jana Apenisa alikuja. Hakuingia ndani. Aliketi ngazini akazungusha kofia yake mikononi, akaniuliza, "Silia, wewe ulitembea naye. Mama aliwahi kukuambia kwa nini? Alikuwa na mwamba mzima wa upande wa pili. Mimi nilimletea samaki kila siku. Kwa nini alikwenda kwenye mwamba uliofungwa?"

Neno lilikuwa mdomoni. Ningelisema, angejua kwamba mama yake hakuwa mwizi. Angejua pia ni nani aliyempeleka kwenye mkondo asioujua, akamwambia wanawake wakuone. Angelibeba hilo mpaka kaburini kwake. Na mimi ningelazimika kumweleza kwa nini Jumamosi hakuwa na mtu wa kumtangulia.

Sijui ni kwa ajili ya nani nilinyamaza. Nimejiuliza tangu jana. Nilimwambia, "Sijui, kaka. Hakuniambia." Akashukuru, akavaa kofia akaenda.

Sitakuja Agosti. Mwambie Bwana Prasad nimepata kazi nyingine. Shangazi ataniombea nafasi kwenye meli ya kwenda nyumbani Tonga. Kamera nakurudishia na mhudumu yule yule, filamu iliyomo usiisafishe, itupe kwenye mwanga.

Na naomba usimwandikie Shangazi, wala usimwambie mama, wala usije ukamwambia mchumba wako siku moja mkiwa mnacheka. Macho ya Bibi Setaita aliniachia mimi niyafiche, na nitayaficha. Kichwa changu ambacho hakikuuma, nakuachia wewe. Kifiche, dada yangu.

Silia